Mkono wa Shaba wa Kivuko cha Saba

Kila asubuhi, kabla hajaingia chumba cha usukani, Bayumi alikuwa na mtindo wa kukitembea kivuko chote, toka kichwa hiki mpaka kichwa kile, taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mabenchi. Mabenchi hakuyakagua. Alikuwa anasikiliza. Wauza samaki wakitupiana maneno kuhusu bei ya kamba, alipita bila kugeuka. Wanafunzi wakicheka, alipita. Lakini watu wakinyamaza ghafla anapowakaribia, hapo alisimama, akainama kama anayefunga kamba za viatu, akangoja waendelee. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kazi yake ilikuwa kuvusha watu kati ya Port Said na Port Fuad, ng'ambo ya mfereji. Dakika saba kwenda, dakika saba kurudi, bure, mchana kutwa. Msafara wa meli kubwa ukipita, kivuko kinangoja, watu wanalaani kidogo, halafu wanavuka. Kivuko chake kiliitwa Saba, na kilikuwa na vichwa viwili, kila kichwa na chumba chake cha usukani, ili kisipate taabu ya kugeuka. Ila mkono wa kuendeshea injini ulikuwa mmoja tu, wa shaba, mrefu kupita kiganja kidogo. Nahodha akifika ng'ambo anauchomoa, anautia kwapani, anatembea nao katikati ya abiria hadi chumba cha pili, anauchomeka, na Saba kinarudi kikitanguliza mkia. Bila mkono huo Saba kilikuwa benchi refu linaloelea.

Mkono wa namna hiyo ndio uliompa Bayumi jina lake mjini.

Habari yenyewe kila mtu aliijua. Novemba ya mwaka 1956, askari wa miavuli wa Waingereza na Wafaransa walipoanza kushuka Port Fuad kama mvua ya mashuka, Bayumi alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, msaidizi wa marehemu nahodha Mansi. Aliuchomoa mkono akautupa mferejini, ili adui asivuke kwa chombo chetu. Askari walikikuta Saba kimefungwa gatini, wakakipiga mateke, hakikusogea. Walipoondoka mjini, mwezi wa Desemba, Bayumi alibebwa mabegani. Baadaye vita nyingine ilipowatawanya watu wa mji miaka mingi, wengine Tanta, wengine Zagazig, habari ile walikwenda nayo kwenye mabunda yao, na waliporudi ilikuwa imenenepa. Sasa alikuwa ameutupa huku risasi zikimpita masikioni.

Bayumi mwenyewe hakuwahi kuisimulia. Wala hakuwahi kuikanusha.

Kilichotokea alikijua yeye, na Mansi labda alikishuku. Asubuhi ile Saba kilikuwa gati la Port Fuad, kimejaa watu hadi kwenye ngazi, wanataka kukimbilia Port Said. Mansi alimpa mkono, akamwambia, "Peleka kichwa cha pili, tunaondoka sasa hivi." Bayumi akautia kwapani kama kawaida. Katikati ya sitaha akatazama juu, akaiona ile miavuli. Miguu yake ikaruka gatini bila kumuuliza. Alikimbia mpaka kwa shangazi yake, nyuma ya mashamba ya chumvi, akaingia chini ya kitanda, na ni hapo alipohisi kitu kigumu ubavuni. Mkono ulikuwa bado kwapani. Siku ya tatu alitoka akautupa katika dimbwi la chumvi, asionekane nao.

Watu wa Saba walingoja, wakachoka, wakaingia kwenye mashua za makasia. Mashua moja ililemewa katikati ya mfereji. Aliyezama alikuwa mmoja, Sabri, wa miaka kumi na sita, mdogo wake Gharib mshonaji.

Na huyu Gharib kila mwaka alimshonea Bayumi koti jeupe la kazi, wala hakupokea malipo. Alikuwa akimpima mabega akisema, "Simama vizuri, nahodha. Hili koti na Sabri wangu ni kitu kimoja, vyote nimeipa nchi." Bayumi alisimama vizuri. Miaka thelathini na minne amesimama vizuri.

Kwa hiyo alipofika yule mwanamke wa Iskandaria, wiki mbili kabla ya Sham en-Nesim, sikukuu ya machipuko, Bayumi alimtazama kama mtu anavyotazama nyaya zilizo wazi. Jina lake Dokta Shahira. Alivaa miwani mikubwa, alikuwa na rekoda begani, na alivuka na Saba mara sita siku ya kwanza bila shughuli yoyote ng'ambo.

"Huyo ana nini?" Bayumi akamuuliza Atris, baharia wake wa kamba.

"Anaandika historia ya vyombo vya majini vya nchi, Ami. Kwa ajili ya makumbusho mapya."

"Vyombo vipo vingi. Mbona kaganda kwangu?"

"Labda kakupenda," akasema Atris. "Nimwambie una mke, au nikuache ujitetee mwenyewe?"

Safari ya saba mwanamke akabisha hodi chumba cha usukani.

"Ami Bayumi, samahani. Meli za vita zimeandikiwa vitabu, meli za mizigo zimeandikiwa vitabu. Vivuko havina hata ukurasa. Na nchi hii kwenye mto imevuka kwa vivuko, kwenye mfereji imevuka kwa vivuko. Askari, wakulima, maharusi, maiti, wote."

"Kuvuka ni kuvuka, mwanangu. Unaondoka hapa, unafika pale. Utaandika nini?"

"Naandika mwaka hamsini na sita."

"Watu wameshakwambia."

"Nataka kinywani mwako."

"Kinywa changu saa hizi kina chai."

Dokta Shahira akacheka, hakukasirika. Hilo nalo Bayumi hakulipenda. Mtu anayenyimwa jibu na hakasiriki, basi jibu analo.

"Basi nijibu moja tu, Ami. Uliutupa upande gani wa gati? Wiki ijayo idara inaleta wazamiaji kusafisha gati la Port Fuad. Nimewaomba wautafute. Shaba haiozi."

Bayumi akageuza usukani ambao haukuhitaji kugeuzwa.

"Kuna matope," akasema. "Ya miaka thelathini na minne."

"Wana mashine ya matope."

"Kuna mkondo."

"Kitu kizito kile hakiendi mbali." Akaizima rekoda, halafu ndipo akatabasamu. "Usijali, Ami. Tutaujua ulipo."

Bayumi aliyaona yote mawili na mpangilio wake. Kwanza kaizima, halafu katabasamu. Usiku hakulala sawasawa. Alilipindua neno lile kila upande. Hakusema "tutaupata". Kasema "tutaujua ulipo".

Tangu siku hiyo kila kitu kilianza kumtazama. Atris na yule mwanamke aliwakuta kibandani kwa muuza chaza, vichwa vimekaribiana, Atris alipomwona alisema kwa sauti kubwa mno, "Ndimu! Ongeza ndimu, bwana!" na chaza wake walikuwa wanaogelea kwenye ndimu. Abiria mmoja, mwalimu mstaafu, alimwuliza kwa upole, "Nahodha, utakuwepo mjini sikukuu?" Kwani alikuwa na safari ya wapi? Nani kamwambia atatoroka?

Nyumbani alifungua kabati kutafuta fulana. Koti lake la zamani, lile la kola ngumu alilobebwa nalo mabegani, halikuwepo.

"Insaf! Koti langu la kola ngumu liko wapi?"

Mkewe alikuwa anachambua vitunguu vya majani. "Lipi?"

"Ninalo moja tu la kola ngumu."

"Nondo wamelila. Nimelitupa."

"Nondo gani anakula koti na vifungo vyake?"

"Ee mzee wewe, sasa umeanza kuhesabu meno ya nondo?" Insaf akamgeuzia mgongo akawasha jiko, na juu ya jiko hakukuwa na sufuria.

Miaka thelathini waliyokaa pamoja ilimfundisha Bayumi jambo moja: Insaf hajui kusema uongo akikutazama. Akikupa mgongo, basi kuna kitu. Ila kilichomuuma hakikuwa koti. Kilichomuuma ni kwamba hata yeye wamempata.

Wazamiaji walikuja. Siku tatu walipanda na kushuka gati la Port Fuad, na watu walijazana kutazama wakila mbegu za lupini na kutema maganda majini. Walitoa nanga mbili, baiskeli, sinki la jikoni, na kitu ambacho mzee mmoja aliapa ni bomu, kikawa birika. Kila kitu kilipotokeza juu ya maji, macho yote yalimgeukia Bayumi kule juu kwenye usukani, na yeye akawa anapiga honi bila sababu. Siku ya tatu wakakunja mipira yao ya hewa wakaondoka.

Dokta Shahira alipanda mwenyewe kumpa habari.

"Hatukuuona, Ami."

"Nilikwambia. Matope."

"Si kitu. Tutafanya kwa njia nyingine."

"Njia gani?"

"Utaona," akasema, akashuka ngazi haraka kama mtu aliyejikamata ulimi.

Neno hilo "utaona" Bayumi alivuka nalo mara ishirini na mbili siku ile. Alikula nalo. Akamuuliza Insaf, "Mtu akikwambia utaona, ana maana gani?" Insaf akampa mgongo.

Sasa, wiki ile ndiyo wiki ya Limbi. Port Said hapakosi nyumba yenye suruali mbovu: wiki hiyo zote zinajazwa nguo kuukuu na majani makavu, zinawekewa kichwa, zinasimamishwa majukwaani mitaani, mkesha wa Sham en-Nesim zinachomwa moto watu wakiimba. Zamani sanamu lilikuwa la jenerali mmoja tu wa Kiingereza, Limbi mwenyewe. Siku hizi kila mtaa unashona wa kwake: refa aliyetunyima penalti, tajiri aliyeficha sukari, waziri wa nchi fulani. Sanamu linavikwa nguo zake hasa, ili hata mtoto alijue, na shingoni linatundikwa kibao cha makosa yake. Kwetu mtu akiona sanamu linashonwa wiki hiyo, haulizi linakwenda wapi.

Siku mbili kabla ya mkesha Bayumi alipita mtaa wa Gharib. Duka lilikuwa limefungwa saa nne ya asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea hata Gharib alipofiwa. Ndani cherehani ilikuwa inalia. Bayumi alitazama huku na huku, akasogea, akatia jicho kwenye ufa wa mlango.

Alikuwepo sanamu. Amesimama, mrefu kama yeye, uso umefunikwa kitambaa. Amevaa koti jeupe la kola ngumu. Vifungo vinne vya shaba na kimoja cheusi, cha tatu kutoka juu, kile ambacho Insaf alikosea kukishona mwaka waliooana. Kofia ya nahodha. Gharib alikuwa amepiga magoti mbele yake, pini mdomoni, anamkaza shingo. Ukutani kibao cha mbao kimegeuzwa, maandishi yametazama ukuta.

Bayumi aliondoka pale akitembea kwa kuhesabu hatua, kwa sababu aliona akiacha kuhesabu atakimbia. Yote yalikuwa yamepangana. Mwanamke kapekua makaratasi huko Iskandaria, kajua. Wazamiaji walikuwa mtego, atazamwe uso. Atris kauza maneno. Insaf katoa koti. Na wa kumshona wamemchagua Gharib, kwa sababu nani mwenye haki zaidi? Jumapili magharibi watampandisha jukwaani mbele ya mji mzima, watamsomea kibao, watamtia kiberiti, na yeye atakuwa amesimama kwenye umati anajitazama akiungua.

Siku zile mbili alifanya kazi kama mtu anayeendesha ndani ya ndoto. Saba kiligonga gati la Port Fuad kishindo hadi kikapu cha mayai cha bibi mmoja kikamwagika.

"Ami," akasema Atris, "leo umelewa chai, au gati limehama?"

"Ungenambia wewe limehamia wapi. Wewe siku hizi unajua mengi."

Atris akamkodolea macho. "Mimi? Mimi najua kamba tu, Ami."

"Kamba za kumfunga nani?"

Atris akacheka nusu, akaiacha nusu nyingine.

Jumapili alasiri, mkesha wenyewe, majukwaa yakiwa yanapigwa misumari kila kona, Bayumi alimkabidhi nahodha wa zamu ya pili kivuko na kwenda moja kwa moja dukani kwa Gharib. Alikuwa ameamua. Kama maneno lazima yasemwe, yatoke kwake, kabla hayajasomwa kwenye kibao. Angalau asiongezewe uwongo na uoga mwingine juu ya huu alio nao.

Alisukuma mlango. Wote walikuwemo: Gharib na mkasi wake, Insaf na kikapu, Atris juu ya kigoda, Dokta Shahira na rekoda yake mezani. Sanamu katikati.

"Bado!" Insaf akapiga kelele, akamrukia sanamu kumfunika shuka. "Bado hujaitwa! Toka, toka!"

"Jamani nani kamwambia?" akasema Atris. "Ami, rudi nje, uhesabu mpaka mia, halafu ujifanye hujui."

"Mnangoja kuniita niangalie ninavyoungua?" akasema Bayumi.

"Kuungua?" akasema Dokta Shahira.

"Nyamaza, mwanangu. Umenihoji wiki mbili, sasa nakujibu. Sikuutupa."

Atris bado alikuwa anacheka. "Hukutupa nini?"

"Mkono. Sikuutupa mferejini, ndiyo maana hamkuuona. Sikuwa na habari ya adui avuke asivuke. Mansi kanipa niupeleke kichwa cha pili, watu wamejaa, tunaondoka. Nikaona miavuli, nikakimbia. Nilikimbia nao kwapani kama mwizi wa mkate. Nilikuwa chini ya kitanda cha shangazi yangu siku tatu, nimejikojolea. Mkono uko kwenye dimbwi la chumvi. Haya. Andikeni hivyo kwenye kibao chenu. Mkichoma, chomeni kwa hilo, msiongeze."

Nje misumari ilikuwa inapigwa. Rekoda ilikuwa mezani, haijawashwa, na Dokta Shahira hakunyoosha mkono kuiwasha.

Gharib alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa mkononi. Halafu akaenda ukutani akakigeuza kile kibao. Maandishi yalikuwa ya rangi ya dhahabu: Nahodha Bayumi wa Kivuko cha Saba, aliyewazuia wavamizi, 1956. Chini yake, kwa herufi ndogo, jina la makumbusho.

"Linakwenda Iskandaria keshokutwa," akasema Gharib. "Litasimama pale mlangoni, chumba cha vivuko. Dokta alitaka vazi lenyewe, tukamwomba mkeo. Leo jioni tulitaka kukuita ulione, mtaa wote uje na vinanda. Wiki mbili nimekushona."

Bayumi alitazama herufi. Alizisoma tena. Mdomo wake ukafunguka, akamtazama Insaf, na Insaf safari hii hakumpa mgongo. Alimtazama usoni kama anatafuta mtu wa tatu aliyesimama nyuma yake.

"Mimi nilidhani..." akasema Bayumi.

"Najua ulidhani nini," akasema Gharib. Sauti yake haikupanda. "Walikuwa wamejaa, ulisema?"

"Walikuwa wamejaa."

"Na kivuko kilikuwa kinaondoka."

"Dakika moja. Dakika mbili."

"Sabri alikuwa amepanda?"

Bayumi aliitazama ile kofia ya nahodha juu ya sanamu.

"Nakuuliza, Bayumi. Alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani. Amekaa karibu na ngazi. Alinisalimia nilipopita."

Gharib akavuta kiti, hakukikalia. "Mama yangu mpaka anakufa alikuwa anasema, angalau wavamizi hawakuvuka. Kila nikimkuta analia ananiambia hivyo. Angalau hawakuvuka." Akalitazama koti kwenye sanamu, bega la kushoto, akalivuta kidogo likae sawa, kwa mazoea ya kazi, halafu akauondoa mkono wake haraka kama limemchoma.

"Ami," Atris akasema pole pole, "basi, vijana wengi siku ile... hata mimi ningekimbia."

"Wewe nyamaza," akasema Gharib.

"Nisingeandika," akasema Dokta Shahira. "Ami, hakuna aliyekuwa anajua. Hakuna hata karatasi moja."

Hilo ndilo lililommaliza. Bayumi alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokwisha kukivunja. Alitafuta pa kukaa. Viti vyote vilikuwa na nguo za watu za sikukuu, zimepigwa pasi.

"Bayumi," akasema Insaf. "Twende nyumbani."

"Tangulia," akasema. "Samaki wa fisikh wa sikukuu asije akaliwa na paka."

Akatoka. Mtaa ulikuwa umejaa, watu wanapandisha sanamu zao majukwaani, na kila hatua alisimamishwa: nahodha, njoo umwone refa wetu, nahodha, heri ya sikukuu. Aliitikia wote kwa kichwa. Penye njia panda, kulia kunakwenda gatini. Muuza chaza anasema alisimama pale kitambo, akapisha mkokoteni wa majani makavu, akaenda kushoto, barabara ya stesheni, mikono imening'inia.

Insaf aliandaa sahani mbili siku ya Sham en-Nesim, na mbili siku ya pili yake. Atris alikwenda Tanta, akaenda Zagazig, akauliza kwa jamaa. Bayumi hakurudi.